Ulipie kwa Mwezi au Ununue Wimbo Mmoja Mmoja? Anza na Sabufa

Kabla ya kuuliza bei, angalia nyimbo zako zinapigwa wapi. Kama ni kwenye simu na earphone masikioni, chagua utakacho. Kama ni kwenye sabufa ya sebuleni inayosoma flashi, mambo yanabadilika: wimbo ulioupakua ndani ya programu ya muziki ya kulipia kwa mwezi, kama Spotify au Apple Music, umefungwa humo humo. Hauendi kwenye flashi, na hata ukimrushia shoga yako hautafunguka.

Mpangilio wangu huu unamlenga mtu wa Dar mwenye simu ya Android na bando la wiki.

Namba moja: kulipia kwa mwezi. Kwa anayefukuzia nyimbo mpya, aanzie hapa. Spotify iliingia Tanzania, Kenya na Uganda Februari 2021. Boomplay wengi tuliikuta tayari ndani ya simu za Tecno. Wengi husifia wingi wa nyimbo, mimi nasifia kupakua. Piga hesabu: kwa ubora wa kbps 160, saa moja inakula kama MB 72. Saa mbili za daladala kila siku, mwezi ukiisha umeteketeza zaidi ya GB 4. Pakua kwenye waifai, kisha zima data. Spotify inaruhusu hadi nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, mradi uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30.

Ubaya wa kulipia niliuonja kwenye treni ya Kigoma. Nilikuwa nimepakua taarabu na rumba za safari nzima, nikasahau kwamba malipo yanaisha usiku uleule. Kufika Tabora orodha yote imekuwa ya kijivu, kila ninachogusa kinataka hela, na salio langu lilikuwa la chai tu. Mzee niliyekaa naye alikuwa na kiredio cha memori kadi, kimejaa kwaya. Tukasikiliza kwaya.

Kwa hiyo andika tarehe ya malipo mahali unapoiona. Hakikisha pia programu inapokea pesa ya simu. Ikidai kadi ya benki nawe huna, utakwama mlangoni.

Namba mbili: kununua. Huu ni mpango wa mtu mwenye nyimbo zake arobaini, anazirudia mwaka mzima. Bandcamp, kwa mfano, tovuti ya kuuza muziki, inakupa faili lenyewe, MP3 au FLAC (faili kubwa zaidi lenye sauti kamili), na kwenye mauzo ya kidijitali inamkata msanii asilimia 15 tu. Singeli ya Dar inayotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala utaikuta huko. Bongo Fleva inayopigwa redioni ni adimu, na malipo ni kwa kadi au PayPal, ndiyo maana sikuiweka ya kwanza. Ila kama unapiga muziki kwenye kicheni pati, nunua: faili lako halizimiki malipo ya mwezi yakiisha. Na ukishanunua, weka nakala mbili. Simu huibiwa.

Namba tatu: bure. Audiomack hukuwezesha kupakua bila kulipa. Mdundo, iliyoanzia Nairobi, hutoa MP3 yenye tangazo ndani yake, na hiyo inaingia kwenye sabufa bila shida. Mama yangu tangazo hata halisikii siku hizi. YouTube ya bure naiweka chini kabisa: inakula bando kwa picha usizozitazama, na ukizima kioo, wimbo unanyamaza.

Kibanda cha kujaza memori kadi sikipi namba. Msanii hapati kitu hapo, na ya mwisho niliyojaziwa ilikuwa na nyimbo mia tatu, zote zimeandikwa "Track", ya kwanza ikakatika katikati ya ubeti wa pili.