TKC 80 mbele, K60 Scout nyuma: matairi ya kwenda Loiyangalani

Wanaopanga safari ya Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, kwa pikipiki kubwa huwaza mawe ya Mlima Kulal na mchanga wa jangwa la Chalbi, wakasahau kwamba kutoka Nairobi hadi Marsabit kuna zaidi ya kilomita 500 za lami, na zote zinangoja wakati wa kurudi. Wanafunga matairi ya meno makubwa mbele na nyuma. Safari ya tatu tairi la nyuma ni kipara.

Continental TKC 80 mbele halina mfano kwa bei yake. Meno yameachana, yanazama kwenye kokoto, na usukani unatii. Likifungwa nyuma, kwenye BMW GS yenye masanduku na abiria, meno ya katikati huliwa upesi: mara nyingi kilomita 6,000 hazifiki.

Kwa nyuma, Heidenau K60 Scout la saizi 150/70-17 (rimu ya inchi 17) lina ukanda mzima wa mpira unaozunguka katikati. Ndio unaolipeleka kilomita 12,000 na zaidi, na ndio kasoro yake: kwenye tope haung'ati, na kwenye lami iliyolowa breki ishikwe kwa adabu. Chalbi ikinyeshewa, lakini, hakuna tairi litakalokuokoa, subiri ikauke.

Kwa nini kuchanganya hivyo? La nyuma likiteleza unalegeza mafuta, pikipiki inarudi mstarini. La mbele likiteleza, uko chini.

Mitas E-07 nyuma nalo linafaa. Lile la Dakar, lenye mstari wa njano, lina kuta ngumu zinazovumilia mawe na mzigo, ila kulitoa porini ni jasho. Lianike juani nusu saa, paka sabuni bila uchoyo, kisha kanyaga ukingo wa upande wa pili uingie kwenye bonde la rimu kabla ya kuinua liva. Fundi wa pancha aliyezoea bodaboda huruka hatua hiyo, akaibana tyubu mpya kabla haijaguswa na mwiba.

Upepo: kwa GS yenye mzigo, lami ni PSI 36 mbele na 42 nyuma. Baada ya Marsabit shusha hadi 25 na 28. Mchanga mzito unakubali 20, lakini jaza tena kabla ya mawe. Tairi laini likigonga jiwe hubanwa hadi kwenye rimu, na tyubu hutoboka matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Kwa tyubulesi, rimu ndiyo hupinda na upepo ukatorokea ukingoni. Pampu ndogo ya betri si anasa. Ukirudi Marsabit jaza kwanza, maana tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa kwenye lami hupata joto hadi meno yakaanza kukatika.

Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho za DOT, msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka mitano, mwachie mwenye duka, hata akikupunguzia nusu. Honda Africa Twin ya CRF1000L huvaa 90/90-21 mbele na 150/70-18 nyuma, kwa hiyo la 17 halitaingia hata fundi akuape. Angalia na mshale wa mzunguko kabla upepo haujajaa. Ukilifunga kinyume, ni jasho lile lile upya.