Nimepeleka betri mfu kwa fundi wa Kariakoo: kazi nzuri, bango lina chumvi

Duka silitaji maana kuna kitu hakijanifurahisha na sitaki kumharibia mtu riziki. Ni kale kaduka ka kufumua betri za laptopu na pawabenki, wanachambua seli, yaani vibetri vidogo vya ndani, zilizo nzima wanakuungia betri mpya. Mi nilipeleka betri mbili za laptopu zilizokufa niungiwe betri ya spika ya pale kibandani kwangu, nauza maji.

Dogo yuko vizuri kiukweli. Anapima seli mojamoja na mita mbele yako, ikijaa inatakiwa isome volti 4.2, moja ikasoma 1.4 akasema dada hii tuizike. Akaibandika selotepu huku na huku akaitumbukiza kwenye ndoo ya mchanga mkavu ili zisigusane zikapiga shoti. Hapo nikampa maksi zote.

Sasa bango lao limeandikwa TUNARECYCLE BETRI. Nikamuuliza, kwa hiyo lithiamu, ile metali ya ndani ya betri, mnaitoa hapahapa? Akacheka, "Dada, niitoe na bisibisi?" Kumbe wanakusanya tu kuna mtu anakuja kubeba, zinaenda wapi hajui, na risiti hakuna.

Nilivyorudi nyumbani nikakaa kusoma. Viwandani wanazisaga zinakuwa unga mweusi, wanauloweka kwenye asidi, lithiamu, kobalti, nikeli na manganizi zote zinayeyuka humo, kazi inabaki kuzitenganisha. Ukichoma kwenye tanuru kobalti na nikeli unazipata ila lithiamu inaishia kwenye makapi. Ndo wanajaribu kuzitenganisha kwa utando, yaani chujio laini sana, sisi wa maji tunaita membreni, ila ya kwangu ya kusafishia maji inazuia karibu chumvi zote na hiyo yao inachagua: lithiamu ina chaji chanya moja, kobalti na nikeli zina mbilimbili, utando wenyewe nao una chaji chanya na chaji za aina moja husukumana, kwa hiyo wenye mbili wanasukumwa nyuma zaidi na lithiamu inapenya. Wakiipata wanatia magadi inaganda unga mweupe, tayari kurudi kutengeneza betri.

Nimeipenda hiyo, ila membreni nazijua mimi. Ukizembea kubadili filta za mwanzo inaziba hela imeenda, na hayo ni maji ya bomba, sasa asidi yenye vumbi la betri si balaa? Ndo maana lazima waisafishe sana kabla haijafika kwenye utando. Ulaya wameshaweka sheria tangu 2023, mwisho wa 2027 lazima itolewe asilimia 50 ya lithiamu iliyomo kwenye betri chakavu, mwisho wa 2031 asilimia 80, na sisi huku bado tuko kwenye ndoo ya mchanga.

Malalamiko yangu mengine, wiki ya tatu spika ikaanza kuzima ghafla, kufungua seli moja dhaifu iliponyoka kwenye vipimo, na zikiungwa foleni mmoja akichoka wote wanasimama. Alibadilisha bure, ila nauli nimelipa mara mbili na pole sikuipata.

Nyota tatu na nusu. Ukienda simama hapohapo apime unaona, na Jumamosi usithubutu, foleni. Spika inaimba mpaka leo. Juzi nimepita, ndoo imejaa mpaka juu, huyo mtu wa kubeba bado hajaja.