Pikipiki inagoma asubuhi tu? Nimejaribu kipima moto cha elfu saba

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nipo na hiki kidude, ngoja nikisogeze kwenye kamera mkione vizuri. Ni kipima moto cha plagi, yaani kinakuonyesha kama umeme wa cheche unafika kwenye plagi, ni kama mrija mfupi wa plastiki una taa ndogo katikati, upande huu unavaa kwenye plagi, huu mwingine unaingia kwenye kepu, ile kofia ya waya inayovaa juu ya plagi. Nimekinunua elfu saba duka la spea, hakuna aliyenilipa, kwa hiyo nitasema na ubaya wake.

Sasa kwa nini nilikitafuta. Mnaijua pikipiki yangu, ile ya cc mia na ishirini na tano ya zamani, ya kabureta, kiki tu haina stata. Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi si ya mchezo, na hii kitu ilikuwa na tabia moja, siku tatu inawaka kiki ya pili, siku ya nne inagoma kabisa, unapiga kiki mpaka unatoka jasho na baridi hiyohiyo. Naipeleka kwa fundi saa sita mchana, kiki moja tu ngurrr, fundi ananiangalia kama mimi ndo mgonjwa. Tumebadilisha plagi, tumeosha kabureta mara mbili, hela inaenda, kesho kutwa alfajiri yaleyale.

Kosa letu lilikuwa hapo wadau, tulikuwa tunaipima ikiwa imeshapona. Kwa hiyo hiki kidude nikakiweka mezani pembeni ya funguo, nikawa naisubiri igome, yaani mtu mzima naomba pikipiki yangu igome! Siku ya tano, saa kumi na moja na nusu, giza bado, ikagoma. Nikavalisha kipima, choki juu, kiki. Taa ikamulika mara moja, kimya. Kiki nyingine, kimya. Ya tatu ikamulika kwa mbaali. Aah, nikajua kabureta tulikuwa tunaionea bure, moto ndo haufiki.

Na nyie wa kuchomoa plagi na kuigusisha kwenye injini muone cheche, sikatai, hata mimi nimekulia huko, ila pale nje hakuna mgandamizo. Ndani ya silinda cheche inahitaji nguvu zaidi kuruka, na hewa ya baridi inabanana zaidi, so plagi inaweza kuchoma vizuri nje halafu ndani ikashindwa. Hiki kinapima plagi ikiwa palepale ilipofungwa.

Nikachomoa kepu nikaipima na mita ya umeme. Kepu nyingi za hizi pikipiki zina rizista ndani, kizuizi cha umeme, kama omu 5,000 hivi, na yangu ilisoma vizuri tu, nikasema hii nzima. Nikaitikisa kidogo, namba ikapotea. Nikaiachia, ikarudi. Nikaifungua kwenye waya, shaba imeota ukijani. Ukija umande na baridi inakata, jua likitoka inashika, ndo maana kwa fundi ilikuwa inaniaibisha. Nikakata waya kama nusu sentimita mpaka shaba safi, nikazungushia kepu mpya, plagi nikarudisha ileile, aina ya D8EA, mwanya wa cheche milimita 0.6 mpaka 0.7, leo wiki ya tatu haijagoma.

Kipima chenyewe sasa. Hakina betri, hilo nimelipenda. Ila mchana wa jua huoni kitu mpaka uzibe na kiganja, ni kirefu kwa hiyo kama plagi imejificha hakiingii, na kinakuambia moto upo au haupo, nguvu yake hakijui. Springi ya ndani imeshaanza kulegea. Kwa elfu saba sawa, wakikutajia elfu ishirini wewe aga uondoke.

Na kama taa inamulika kila kiki na bado inagoma, hapo ndo ufungue ile skurubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga mafuta kwenye chupa nyeupe, maji utayaona yamekaa chini kama shanga, tanki likilala nusu kwenye baridi hiyo kitu ni kawaida. Halafu ukimaliza kupima kichomoe, mimi siku ile kwa haraka nilipata kaunganisho ka bahati pikipiki ikawaka, nikaondoka na kipima mpaka sokoni kinamulika chini ya tanki kama disko.