Masta ya usimamizi kwa mbali baada ya lisansi ya sheria: uzoefu wangu nikiwa Lubumbashi

Nilimaliza lisansi ya sheria hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa mfumo wa zamani, miaka mitatu ya gradua na miwili ya lisansi, kabla mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, doktora) haujaingia. Nikala kiapo, nikafanya staji ya uavoka, yaani uwakili, katika kabine (ofisi ya mawakili) moja ya mjini. Baadaye nikasoma masta ya usimamizi wa makampuni kwa mbali, katika shule moja ya Ufaransa. Leo niko kwenye kampuni ya ushauri hapahapa Lubumbashi, na kazi zetu nyingi zinatoka kwenye migodi ya upande wa Kolwezi, Likasi na Fungurume. Wadogo zangu wa fakilte huniuliza mara kwa mara kama ile masta inastahili pesa zake. Nawajibu ndiyo, mradi uende kutafuta hesabu. Mengine yaliyomo mtu wa sheria anaweza kuyapata kwingine kwa bei nafuu, au tayari anayo.

Chukua mrabaha wa shaba, ile redevansi ambayo kila mtu Katanga anaizungumzia. Sheria ya Madini ya Kongo ya 2002 iliweka asilimia 2, na kabla ya kupiga hesabu kampuni iliruhusiwa kutoa gharama za usafiri, vipimo, bima na mauzo. Marekebisho ya Machi 2018 yakapandisha kiwango hadi asilimia 3.5, na msingi ukawa thamani ghafi ya kibiashara, yaani zile gharama hazitolewi tena. Avoka akisoma hapo anaona vifungu vilivyobadilika, na anaweza kukueleza vizuri sana vimebadilika namna gani. Mkurugenzi aliyekuita anataka kujua atatoa kiasi gani. Sasa weka shehena ya dola milioni 10 yenye gharama za milioni 2. Zamani ilikuwa asilimia 2 ya milioni 8, dola 160,000. Leo ni asilimia 3.5 ya milioni 10, dola 350,000. Kiwango chenyewe hakikufika mara mbili, lakini malipo yamepita mara mbili. Kobalti nayo ilitangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, ikapanda hadi asilimia 10.

Hesabu hiyo ya shehena moja unaweza kuipiga kwenye karatasi bila masta yoyote. Kinachofundishwa shuleni ni kuipeleka mbele: kuichukua kwa uhai wote wa mgodi, kushusha bei ya shaba uone mradi unaanza kula hasara wapi, kurudisha pesa za mwaka wa kumi kwenye thamani ya leo, kisha kuyaweka yote katika jedwali moja la Excel ambalo mtu mwingine anaweza kulifungua na kulikagua. Mwalimu wetu wa fedha alikuwa mkali kwa hilo. Namba iliyoandikwa kwa mkono ndani ya fomula aliifuta na kukurudishia kazi. Nilimpenda kwa sababu hiyo, na mpaka leo majedwali yangu nayajenga kama alivyotaka. Somo lake peke yake lilinirudishia ada.

Jambo la pili lililonifaa ni uandishi. Fakilte ya sheria inatulea na mpango wake: matukio, tatizo la kisheria, kanuni, sehemu mbili, kila sehemu vipengele viwili, na jibu linakuja mwishoni msomaji akiwa amechoka. Kwenye masta kila kazi ilianza na jibu. Ukurasa mmoja, mstari wa kwanza unasema fanya hivi, chini yake sababu tatu, chini ya kila sababu ushahidi wake. Mwanzoni inakera, maana tumezoea kuona heshima katika kuzunguka kwanza. Lakini mtu mwenye mikutano sita kwa siku anasoma mstari huo mmoja, na huo ndio anaouamulia.

Nitoke kidogo nje ya njia. Kuna wanaodhani mtu wa sheria anapoingia ushauri anaingia nyumba ya watu wengine. Kampuni ya McKinsey ilianzishwa Chicago mwaka 1926 na James O. McKinsey, profesa wa uhasibu. Lakini aliyeipa sura yake alikuwa Marvin Bower, aliyesoma sheria Harvard, akaongeza masomo ya biashara hukohuko, akafanya uavoka Cleveland, ndipo akajiunga nayo mwaka 1933. Mambo ya kutanguliza maslahi ya mteja, kutunza siri zake, kumwambia ukweli hata asipoupenda, aliyachukua kwenye kabine za mawakili. Ukishafanya staji umelelewa ndani ya mambo hayohayo. Jivunie.

Somo la mikakati lilikuwa la kawaida. Matriki na michoro yake unaimaliza kwa majuma machache ukiwa na kitabu kizuri. Masoko, hivyohivyo. Usimamizi wa watu uliletwa na mifano ya viwanda vya Ulaya, na sikupata humo lolote kuhusu wafanyakazi wa mgodini wala wachimbaji wadogo wanaoingia usiku kwenye eneo la kibali.

Pale shule iliponiangusha kabisa ni kwenye uhasibu. Tulifundishwa mpango wa hesabu wa Ufaransa na kanuni za kimataifa za IFRS. Kongo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na vitabu vya makampuni yetu vinafuata mfumo wake wa uhasibu, SYSCOHADA, ambao toleo lake lililorekebishwa lilianza kutumika Januari 2018. Ukifika kwa mteja wa hapa mjini, Kampemba, na vitabu vyake vya SYSCOHADA, inabidi ujifunze upya akaunti zilizomo. Kwa shule inayojitangaza kwa wanafunzi wa Afrika, hilo ni pengo kubwa, na niliwaandikia. Walinijibu kwa adabu, programu ikabaki ilivyo. Kwa hiyo panga mapema kutafuta mhasibu wa hapa nyumbani akufundishe jioni. Mimi nilimpata, mzee mmoja aliyestaafu, na alinisaidia kuliko semesta nzima.

Ofisi yao ya ajira nayo isikupe matumaini. Matangazo yote yalikuwa ya Paris na Lyon, barua za mfano za Paris na Lyon. Kazi ya Lubumbashi utaitafuta mwenyewe. Lakini mazoezi ya mtihani wa kesi waliyafanya vizuri, na hayo nayasifu kwa moyo wote. Kampuni za ushauri hazikuulizi sana umesoma nini. Wanakupa tatizo na kukuangalia unavyolikata. Mfano: kampuni ya malori yanayobeba shaba kutoka Kolwezi hadi Dar es Salaam, faida imeshuka, kwa nini? Mtu wa sheria mkono wake unakimbilia mkataba: nani analipa siku za kungoja mpakani Kasumbalesa, kipengele cha ucheleweshaji kinasemaje. Ni swali zuri, ila lina nafasi yake. Kwanza unagawanya: mapato upande huu, gharama upande huu. Mapato ni idadi ya malori, mara safari kwa mwezi, mara tani, mara bei ya tani. Unaona haraka kwamba lori likitoka safari mbili kwa mwezi hadi moja na nusu, robo ya mapato imekwenda, na dereva na mkopo wa lori bado wanataka pesa ileile. Hapo ndipo mkataba unaingia, na hapo unawashinda wenzako wa uchumi, maana unajua hasara hiyo inaweza kudaiwa kwa nani.

Kazi ya kumalizia niliifanya juu ya makampuni madogo ya Wakongomani yanayotaka kazi za migodini. Sheria ya Februari 2017 juu ya sutretansi, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inazigawia kampuni nyingine, iliwaachia soko hilo wenye makampuni ya mtaji wa Kikongomani. Mawakili wa mjini waliandika statuti (katiba za kampuni) nyingi sana. Lakini kuwa na statuti safi na kupata mkataba havimlipi mtu mshahara wa mwezi. Fundi wa mabomba anapata kazi, ananunua vifaa, analipa vijana wake, na fakitira yake (ankara) inakaa siku 60 au 90 kabla ya kulipwa. Wengi wanaanguka katikati ya siku hizo huku vitabuni wakionyesha faida. Niliwapigia hesabu ya fedha za mzunguko, mwezi kwa mwezi, nikaonyesha ni kiasi gani kinahitajika benki kabla ya kusaini. Kazi hiyo ndiyo niliyoiweka mezani siku ya mahojiano, na ndiyo waliyoiulizia. Diploma yenyewe waliitazama kwa haraka tu.

Pesa. Ada yangu ilikuwa kama euro 9,000 kwa miaka miwili, kwa awamu, na kila awamu benki ilikata yake. Ongeza mega za intaneti, betri na inverta, kwa sababu umeme ukikatika mwalimu hakungoji. Vipindi vya moja kwa moja vilikuwa jioni. Majira ya baridi ya Ulaya sisi tuko saa moja mbele ya Paris, kwa hiyo vilikwisha usiku. Rekodi zilikuwepo, lakini kazi za kikundi hazina rekodi, na humo ndimo alama nyingi zilimo. Ukiishi mtaa ambao umeme wake hauaminiki, tafuta ofisi au ndugu mwenye jenereta kabla hujajiandikisha.

Kwenda Ufaransa kusoma ana kwa ana nilikufikiria pia. Mwaka 2019 ada ya masta kwenye vyuo vya umma kwa wanaotoka nje ya Ulaya iliwekwa euro 3,770 kwa mwaka, na baadaye ikapanda kidogo, ingawa vyuo vingi vimekuwa vikiwasamehe wanafunzi tofauti hiyo. Kwa karatasi ni nafuu kuliko shule yangu. Ukiongeza kodi ya nyumba, viza, na miaka miwili bila mshahara, hesabu inageuka, hasa kwa mwenye watoto. Kijana asiye na mzigo na mwenye alama nzuri aende.

Neno kwa walioko barroni, chama chetu cha mawakili. Uavoka hauendi pamoja na kuajiriwa wala kufanya biashara. Ukichukua mkataba wa kazi kwenye kampuni ya ushauri, zungumza kwanza na batonie wako, mkuu wa barroni, kuhusu jina lako kwenye orodha, na uyafanye kwa maandishi. Maliza staji ya miaka miwili kabla ya kuondoka. Wakubwa wetu wanakuheshimu zaidi ukiaga vizuri, na baadhi yao wamekuwa wateja wangu wazuri.

Nikiipa alama shule niliyosoma, naipa nyota nne kati ya tano kwa fedha, uandishi na mazoezi ya kesi. Mbili kwa uhasibu na ofisi ya ajira. Ningelipia tena. Nisingeipendekeza kwa anayependa mahakama, wala kwa anayetaka jina la shule tu kwenye CV, maana soko letu ni dogo na watu watakupima juma la kwanza.

Kabla ya kutuma awamu ya kwanza, omba programu ya masomo yote na uangalie saa za fedha na uhasibu ni ngapi. Uliza kama kuna kazi ya mwisho unayoweza kuifanya na kampuni ya hapa. Na kwa shule za Ufaransa, angalia kama serikali ya Ufaransa inaitambua diploma hiyo kwa daraja la masta, au kama imesajiliwa kwenye RNCP, rejesta yao ya vyeti vya kitaaluma, kwa sababu shule binafsi hubandika majina ya MBA na masta kwenye mafunzo ya kila aina. Ukitarajia siku moja kufundisha hapa kama asistanti, utahitaji ekivalensi, yaani karatasi ya ulinganifu wa diploma, kutoka wizara ya elimu ya juu Kinshasa, na faili isiyo na utambuzi huo itakusumbua.