Miezi 14 na gari lisilo na mshale wa joto: uzoefu wangu

Naishi Mtwara mjini, na huu ni mwezi wa 14 tangu nianze kuendesha gari dogo la Kijapani la mwaka 2015 nililoagiza mtandaoni. Silitaji jina, kwa sababu ninayoyalalamikia yapo kwenye magari ya kampuni nyingi, na anayetafuta gari la umri huo atakutana nayo popote atakapogeukia. Kabla ya hili nilikuwa na Corolla ya 1998 iliyonitumikia miaka tisa. Kazi yangu ni korosho: nachukua zilizobanguliwa na kina mama wa Tandahimba na Newala, nazileta mjini kufungasha. Kila wiki niko njiani, kwenye lami, kwenye vumbi jekundu na kwenye mchanga.

Nilipe haki yake kwanza. Mafuta linakula kidogo: Corolla ilikuwa inanipa kilomita 11 kwa lita, hili linanipa 17 nikiwa na mzigo wa kawaida. Kamera ya nyuma inanisaidia kila siku sokoni, watoto wakipita pita. Mifuko ya hewa na breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla, sitaki kuvikosa tena. Kwa usalama na kwa mafuta, gari la kisasa limelishinda la zamani, wala sibishi.

Ila waliolichora waliondoa vitu ambavyo dereva wa huku ndivyo anavyovitegemea. Na cha kwanza ni mshale wa joto la injini.

Kwenye dashibodi ya Corolla kulikuwa na kijishale kati ya C na H. Ukishalizoea gari unajua mahali pake bila kuutazama sana. Ukiona umepanda kidogo juu ya pale ulipouzoea, unazima kiyoyozi, unapunguza mwendo, unatafuta kivuli na kusimama. Unakuwa na dakika kadhaa za kuliokoa gari lako. Kwenye hili jipya hakuna mshale. Kuna taa moja yenye alama ya kipimajoto kilichochovya kwenye mawimbi. Asubuhi injini ikiwa baridi inawaka bluu, baada ya muda inazimika. Kuanzia hapo huambiwi kitu mpaka iwake nyekundu. Injini inaharibikia katikati ya rangi hizo mbili, na katikati hapo dereva hana anachokiona.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa natoka Masasi kumwona mama, napandisha mlima wa kuingia Newala. Ilikuwa saa nane mchana, kiyoyozi kinafanya kazi, nyuma mama amenifungia mihogo na mbaazi. Gari likalegea kidogo, nikadhani ni mlima. Nikakanyaga mafuta zaidi. Taa nyekundu ilipowaka nilitafuta pa kuegesha, na sikufika mbali, mvuke ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Bibi mmoja aliyekuwa anauza maembe kando ya barabara alinisogezea dumu la maji, akanishika mkono nilipotaka kufungua kifuniko cha rejeta. "Mwanangu, acha kwanza lipoe. Litakubabua uso." Tulikaa naye chini ya mwembe karibu saa nzima. Nitamshukuru maisha yangu yote.

Kumbe mpira mmoja wa rejeta ulikuwa na ufa mdogo, maji yamekuwa yakivuja kidogo kidogo, labda kwa siku kadhaa. Gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ilikuwa imeungua. Kuvutwa hadi gereji, kusaga hedi, gasketi, mipira mipya na kulanti (maji maalumu ya kupozea injini): Sh480,000, na siku nne bila gari katikati ya msimu. Fundi wangu, mzee aliyeanza kazi hii enzi za Land Rover, alinionyesha ile taa akasema, "Dada, hii haikwambii gari linataka kuchemsha. Hii inakwambia limeshachemsha." Nilimuuliza kwa nini basi wametoa mshale. Akasema watu wengi hawakuwa wakiuangalia, na kwenye nchi za baridi gari halichemshi ovyo. Sawa, lakini magari haya yanaishia kwetu, na Newala iko juu pale pale ilipo.

Cha kunisikitisha zaidi, kipimo chenyewe kimo ndani ya gari. Kompyuta inaijua joto ya injini kila sekunde, ila dereva hapewi. Nimelazimika kununua kifaa kidogo cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye tundu la kupimia, lile la pini 16 chini ya usukani, na sasa nasoma joto kwenye simu. Likiwa zima linacheza kwenye nyuzi 85 hadi 95. Kama gari lako halina mshale, nunua kifaa hiki kabla hujanunua hata kapeti. Kwangu kimekuwa na faida kuliko kitu kingine chochote nilicholinunulia hili gari.

La pili ni vitufe. Kiyoyozi cha Corolla kilikuwa na swichi tatu za kuzungusha. Mkono ulikuwa unazijua: ya kushoto feni, ya kati joto, ya kulia upepo uelekee wapi. Hili lina kioo bapa cheusi kinachong'aa, unagusa. Hakuna ukingo, hakuna kitu cha kupapasa, kwa hiyo huwezi kukitumia bila kukitazama. Jua la saa tisa likipiga upande ule, alama hazionekani kabisa. Kidole kikiwa na jasho au na mafuta ya korosho kinagusa mara mbili na kioo hakisikii. Vumbi nalo linakaa juu yake, ukilifuta kwa kitambaa kinabaki na mikwaruzo kama kimesuguliwa na mchanga, na kwa hakika ndicho kilichotokea.

Siku moja natoka Lindi, nimepita Mingoyo, mvua ikanyesha ghafla na vioo vikaingia ukungu. Nilitaka upepo uende kwenye kioo cha mbele. Kwenye Corolla ni kuzungusha mara moja. Hapa niliinamisha macho, nikatafuta alama, nikagusa ya pembeni yake, nikarudi tena. Nilipoinua kichwa bodaboda mwenye abiria alikuwa mbele yangu, karibu mno. Nilikanyaga breki na hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku ile sigusi kile kioo gari likiwa linatembea, nasimama kwanza. Gari la kusimamishwa ili uwashe feni, mimi siwezi kusema limeboreshwa.

Wenzetu Ulaya nao wameliona. Mwaka 2022 gazeti la magari la Sweden, Vi Bilägare, liliwapa madereva kazi nne ndogo ndogo, kama kubadili stesheni ya redio na kupunguza mwanga wa dashibodi, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Volvo ya mwaka 2005 yenye vitufe ilimaliza zote kwa sekunde 10, ikiwa imekwenda mita 306. Gari la kisasa lililoshika mkia lilichukua sekunde 44.6, mita 1,372. Zaidi ya kilomita nzima, macho ya dereva yanarudi rudi kwenye skrini! Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari huko, wameweka masharti kuanzia 2026 kwamba gari linalotaka nyota tano liwe na vidhibiti vya kushika kwa mkono kwa indiketa, hazadi, waipa, honi na wito wa dharura. Nilifurahi sana niliposoma hivyo. Lakini magari ya masharti hayo kutufikia sisi wa mitumba ni miaka kumi ijayo, na tunayoagiza sasa ndiyo ya vioo.

Tairi la spea ni kilio changu cha tatu. Sikujua kama gari laweza kuuzwa bila spea. Nilifunua sakafu ya buti siku ya kwanza ya pancha, baada ya Nanyamba, mahali penye kokoto za ujenzi. Nikakuta kipampu cha umeme na chupa ya dawa ya kuziba. Jiwe lilikuwa limechana tairi ubavuni, na ufa wa ubavuni hauzibwi na dawa ile. Hata ingekuwa tundu la msumari, chupa yenyewe ilikuwa na tarehe ya mwisho ya 2019. Kijana wa bodaboda alibeba tairi langu mgongoni hadi kwa wauza matairi, nikabaki peke yangu na magunia hadi magharibi. Sasa natembea na spea ya kununua, haienei kwenye shimo lake, inakaa juu ya buti na kunila nafasi ya gunia zima.

Mengine nayataja haraka. Mfumo wa injini kujizima yenyewe ukisimama: kila ukiwasha gari inabidi ubonyeze kitufe kuifuta, na betri yake ni ghali kuliko ya kawaida. Skrini ya redio ilinijia kwa Kijapani, masafa yake ya FM yanaishia 90, hivyo stesheni zetu nyingi hazishikiki, na kila asubuhi sauti ya mwanamke inanikumbusha kuweka kadi ya barabara za kulipia za Japani. Zamani ungechomoa redio ukaweka nyingine kwa nusu saa. Hapa skrini imeshika kamera na mipangilio ya gari, kwa hiyo kuibadili ni kazi ya fundi umeme wa kweli. Na taa nyeupe za LED, jamani, mnaozitumia usiku njia ya Lindi, shusheni mapema. Mnatupofusha.

Mdogo wangu naye anataka gari mwezi ujao, na ametumiwa matangazo matatu. Juzi tulikaa naye Shangani tukawaandikia mawakala wa magari hayo. Hatukuuliza rangi wala kilomita. Tumeomba picha ya dashibodi injini ikiwa inaunguruma, picha ya karibu ya swichi za kiyoyozi, na picha ya buti sakafu ikiwa imefunuliwa. Mmoja tu ndiye aliyetuma zote tatu: spea ipo, swichi ni za kuzungusha, na upande wa kulia wa dashibodi kuna kijishale kati ya C na H.