Kozi ya matukio ya JavaScript niliyoimaliza juzi: nusu ya kwanza tamu, ya pili wamelipua

Jamani nimemaliza ile kozi ya vidio ya kushughulikia matukio (mibofyo, kuandika na kadhalika) kwenye JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za wavuti, jina naliacha maana nina malalamiko nayo, ila nianze na mazuri kwasababu yapo na ni mengi.

Mi nilikuwa wale wa kukopi na kupesti. Nabandika onclick (agizo la nini kifanyike ukibofya) ndani ya batani, ikifanya kazi sawa, isipofanya kazi natafuta nyingine nikopi. Hii kozi somo la kwanza tu ikanivua nguo, mwalimu anasema programu ya ukurasa wa wavuti haiendi juu mpaka chini ikaisha, inakaa inasubiri: mtu abofye, aandike herufi, atume fomu, na wewe kazi yako ni kuacha maagizo "likitokea hili fanya hivi". Akaonyesha kosa ambalo nimelifanya mwaka mzima bila kujua, unaweka mabano baada ya jina la fanksheni (kipande cha maagizo kinachosubiri kuitwa) ndani ya addEventListener, amri ya kuweka msikilizaji, yaani anayesubiri tukio litokee, basi fanksheni inajifanyia kazi hapohapo ukurasa unapofunguka na ukibofya batani wala haikujibu. Anasema ni kama kumpa mtu namba yako akupigie likitokea jambo, alafu wewe unampigia kabla halijatokea. Nilicheka peke yangu.

Lakini kozi yote iko kwenye vidio ya visanduku vitatu. Anachora sanduku jekundu, ndani yake la kijani, ndani ya kijani la bluu, kila moja kaliwekea msikilizaji, anabofya la bluu na yote matatu yanapiga kelele. Kumbe mbofyo unasafiri, unashuka toka juu ya ukurasa mpaka pale ulipogusa alafu unapanda tena kama povu. Na kuna stori nyuma yake: brauza ya Netscape walitaka tukio lianzie juu kushuka, Internet Explorer, brauza ya Microsoft, wakataka lianzie chini kupanda, W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, kwenye kiwango cha mwaka 2000 wakachukua zote mbili, ndo maana leo lina safari ya kwenda na kurudi. Internet Explorer yenyewe haikuielewa addEventListener mpaka toleo la 9 mwaka 2011, sasa fikiria waliokuwa wanaandika kurasa kipindi kile walivyoteseka, kila kitu unakiandika mara mbili.

Ukishaelewa hiyo safari ndo unaelewa kwanini orodha yenye vitu 200 haihitaji wasikilizaji 200. Unamweka mmoja tu kwa mzazi, yaani sanduku linalobeba orodha nzima, mibofyo yote inampandia yeye, anaangalia event.target, yaani kitu hasa kilichobofywa, na hata kitu ukikiongeza baadae kinafanya kazi bila kukigusa.

Sasa hapa ndo walianza kuniudhi. Mfano wao una batani tupu yenye neno "futa". Mi kwenye mradi wangu nikaweka ikoni ndani ya batani, ukibofya ikoni target inakuwa ikoni siyo batani, hakuna kinachofutika. Jioni nzima nimeimaliza hapo!! Dawa ni closest, amri inayopanda toka kwenye ikoni kuitafuta batani iliyoibeba, mstari mmoja tu, mbona hawakuusema?

Somo la kumwondoa msikilizaji ndo balaa. Mwalimu anamwondoa kwa kuandika fanksheni nyingine isiyo na jina, inayofanana neno kwa neno na ile ya kwanza, anasema "tayari" anaendelea, hata hajabofya kuhakikisha. Haijaondoka bana. Lazima umpe fanksheni ileile uliyoiweka mwanzo, yaani uihifadhi kwa jina, mbili zinazofanana kwa brauza ni vitu viwili tofauti.

Alafu kibodi wanafundisha keypress na keyCode, njia za kujua kitufe gani kimebonyezwa ambazo zilishapitwa, sa hivi ni keydown na event.key, kwahiyo hilo somo lirukeni kabisa. Fomu na preventDefault (amri ya kuizuia brauza isifanye kile ambacho ingefanya yenyewe, kama kutuma fomu) wameeleza vizuri, sina neno. Kuhusu kwamba JavaScript ya ukurasa inafanya jambo moja kwa wakati, ukiweka hesabu nzito ndani ya msikilizaji ukurasa wote unaganda, wamegusia dakika chache tu wakati hilo lingestahili somo zima, hasa kwenye kuskroli ambako tukio linakuja mfululizo kama mvua.

Nawapa nyota 3 na nusu kati ya 5, na hizo 3 ni za visanduku. Kama hujui fanksheni ni nini usianzie hapa utapotea. Kama unajua, angalieni mpaka vidio ya orodha, kuanzia pale kila anachosema kijaribuni wenyewe kwenye brauza kabla hamjamwamini.