Tuisheni ya hesabu ya Jumamosi, Nkuhungu

Binti yangu yuko kidato cha tatu na anasoma hesabu Jumamosi asubuhi hapa Nkuhungu, Dodoma, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mwalimu mwenyewe. Ada ni shilingi 3,000, unalipa siku mtoto anapofika, hakuna kiingilio. Wazazi wa mtaani wananiuliza kama panafaa. Panafaa, hasa kwa maswali ya jumla na renji.

Maswali haya yana ugumu wake. Kuambiwa utafute jumla ya namba ulizopewa, au utoe ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa upate renji, hilo mtoto yeyote anaweza. Mtihani unageuza: unakupa jumla, unakupa renji, halafu namba uzitafute mwenyewe. Hapo ndipo karatasi nyingi hubaki wazi.

Siku moja nilikaa nyuma nikasikiliza. Mwalimu aliandika ubaoni: makreti matatu ya zabibu yana jumla ya kilo 36, la katikati kwa uzito lina kilo 10, na renji ni kilo 12. Kila kreti lina kilo ngapi? Watoto kadhaa wakakimbilia kugawa 36 kwa 3. Hakuwakemea. Aliwaacha wapate 12, kisha akauliza, "Kama yote yana kilo 12, la kilo 10 limeenda wapi? Na tofauti kati ya zito na jepesi iko wapi?" Kimya. Akasema, "Anzeni na jepesi kuliko yote. Liiteni x. Zito litakuwaje?" Binti mmoja wa mbele akajibu: x jumlisha 12. Basi ikawa x, 10, na x jumlisha 12. Ukiziweka pamoja unapata 2x jumlisha 22, sawa na 36, kwa hiyo x ni 7. Makreti ni kilo 7, 10 na 19.

Hakuishia hapo. Kila mtoto alijumlisha tena zile tatu aone 36, akatoa 7 kwenye 19 aone 12. Asiyehakiki hapewi alama zote hata jibu likiwa sahihi. Wapo wazazi wanaolalamikia jambo hilo; mimi ndilo linalonifanya nitoe pesa yangu kwa moyo mweupe.

Tena mimi nanunua zabibu Hombolo na Mpunguzi, najua jumla peke yake inavyoficha mambo. Makreti matatu ya kilo 20, 20 na 20 ni kilo 60. Ya kilo 12, 20 na 28 ni kilo 60 vilevile, na malipo ni yaleyale. Ila renji ya kwanza ni sifuri, ya pili ni 16, na lile kreti la kilo 28 limeshindiliwa: zabibu za chini zimepondeka kabla hazijafika soko la Majengo. Mtoto akielewa hilo, renji haimtoki kichwani.

Maswali magumu zaidi hupewa wafanye nyumbani. Namba tano kamili tofauti, zote zaidi ya sifuri, jumla 50, ya katikati 12, renji 14. Kubwa kabisa inaweza kufika ngapi? Binti yangu alinieleza huku nikipika. "Mama, hapa natafuta mipaka kwanza." Ndogo kabisa ni x, kubwa ni x jumlisha 14. Ukiondoa 14 na 12 kwenye 50, mara mbili ya x na zile mbili zilizobaki zinatakiwa zifike 24. Inayofuata 12 haiwezi kuwa chini ya 13, na inayofuata x ni angalau x jumlisha 1. Kwa hiyo x haivuki 3, na kubwa kabisa ni 17. Mfano wake ni 3, 5, 12, 13, 17. Nilizijumlisha mwenyewe kwenye kikokotoo cha simu: 50.

Mwalimu maelezo anayatoa kwa Kiswahili, maswali anayaandika kwa Kiingereza kama yatakavyokuja kwenye mtihani. Hiyo imewasaidia sana waliotoka shule za msingi za serikali.

Kasoro zipo. Chumba ni kidogo, kidato cha kwanza wamechanganywa na cha tatu, na maumbo anayapitia haraka mno. Jua likipanda bati linawaka. Karatasi za maswali unakwenda kutoa fotokopi mwenyewe. Na mwenye mtihani wiki ijayo asitegemee muujiza, maana mwalimu huyu haendi mbele mpaka wa mwisho ameelewa.

Mtoto aende na daftari la hesabu na rula, afike kabla ya saa mbili. Ubao ni mdogo na madawati ya mbele hujaa mapema.